Jaribio Ambalo Halikuendeshwa: Kwa Nini Majina ya Faili Yasimamiwe na Mashine

Programu inapopimwa, kuna matokeo mawili ambayo kila mtu anayajua: jaribio limefaulu au limefeli. Tokeo la tatu halitajwi sana, nalo ndilo ninalotaka kulizungumzia katika mhadhara huu. Jaribio limeandikwa, limepitiwa na wenzake mwandishi, limehifadhiwa kwenye hazina ya msimbo, na halijawahi kuendeshwa hata siku moja, kwa sababu faili yake imepewa jina ambalo chombo cha kuendesha majaribio hakilitambui. Jaribio la namna hiyo halitoi taa nyekundu. Halitoi chochote, na katika kazi hii pasipo na taa nyekundu watu huhesabu kwamba mambo ni salama. Hoja yangu ina pande mbili zinazotegemeana. Kwanza, ndani ya majaribio jina la faili ni amri kwa mashine, kwa hiyo kulisimamia si kazi ya macho ya binadamu bali ya mashine inayoweza kukataa. Pili, mashine hiyo ipewe kanuni chache tu, zile ambazo zikivunjwa kitu kinabadilika katika uendeshaji, na majina mengine yote yaachwe kwa hiari ya waandishi.

Tuanze na jinsi vyombo vyenyewe vinavyofanya kazi. Vingi havipewi orodha ya faili. Hupewa folda, vikaingia, vikasoma majina na kuchagua. Pytest, inayotumiwa sana na waandishi wa Python, kwa kawaida huchukua faili ambazo majina yake huanza na test_ au kuishia na _test.py. Unittest, inayokuja pamoja na Python yenyewe, hutafuta test*.py bila kudai kistari cha chini. RSpec ya Ruby hutaka _spec.rb mwishoni, PHPUnit hutaka Test.php. Kwa upande wa Java, Maven ina kiongezi kiitwacho Surefire ambacho, kisipoelekezwa vingine, hutazama ruwaza nne: jina lianze na Test, au liishie na Test, Tests au TestCase. Faili kama MalipoIT.java huachwa na Surefire kwa makusudi, maana IT ni alama ya kiongezi kingine, Failsafe. Mradi usipokuwa umeiweka Failsafe kwenye pom.xml, faili hiyo itapita kwenye kikusanyi kila siku bila kosa lolote na haitaendeshwa kamwe. Jambo hili si la ng'ambo tu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, hujengwa kwa Maven, na yeyote anayeandika moduli yake, awe Kampala au Kigali, anafanya kazi chini ya ruwaza za namna hii hata kama hajawahi kuzisoma.

Lugha ya Go ina mtego wake. Faili ya majaribio lazima iishie na _test.go, na hapo wengi hudhani kanuni imekwisha. Lakini Go husoma pia neno lililo kabla ya hapo, na neno hilo likiwa jina la mfumo endeshi au la aina ya prosesa, faili inahesabiwa kuwa ya mfumo huo peke yake. Mtu anayepima msimbo wa kurasa za JavaScript akaiita faili yake ukurasa_js_test.go ameiambia Go, bila kujua, kwamba hii ni faili ya mazingira yanayoitwa js. Kwenye Linux, Windows na Mac haitasomwa. Hakuna onyo litakalotolewa. Na kama hiyo ndiyo faili pekee ya majaribio katika paketi, Go itaandika kwamba hakuna faili za majaribio, kisha itamaliza salama salimini. Mkusanyiko wa web-platform-tests, unaotumiwa kwa pamoja na watengenezaji wa Chromium, Firefox na WebKit, umelibebesha jina mzigo mkubwa zaidi: .https. katikati ya jina huagiza ukurasa upakiwe kwa njia salama, .any.js huzalisha kutoka faili moja majaribio ya mazingira zaidi ya moja, na -manual huitoa faili kwenye mbio za mashine na kuiachia binadamu. Atakayesema kwamba haya ni mapambo hajatazama kinachotokea herufi moja ikikosewa.

Kosa lenyewe hutokeaje? Mwandishi ana folda yenye test_malipo.py. Anataka kupima malipo yenye kiasi hasi, hataki kuichafua faili ya zamani, basi anafungua mpya na kuiita malipo_test_mpya.py. Ndani yake anaandika test_kiasi_hasi. Anaendesha pytest kwa kuitaja faili hiyo moja kwa moja, kama afanyavyo kila mtu anayeshughulikia faili moja. Jaribio linafeli, kama alivyotarajia. Anarekebisha msimbo, anaendesha tena, linafaulu, anatuma kazi yake. Kuanzia saa hiyo jaribio limezikwa. Jina lake halianzi na test_ wala haliishii na _test.py, lina test katikati, mahali ambapo hapaangaliwi. Alipoitaja faili kwa jina pytest ilimkubalia, maana faili iliyotajwa waziwazi haipimwi kwa ruwaza. Seva inayoendesha majaribio yote inapopewa folda nzima, ruwaza inarudi kazini na faili inarukwa. Mtu huyu hakuzembea hata kidogo. Alifanya yote yanayofundishwa na kitabu cha Kent Beck kuhusu kuanza na jaribio: aliliona likifeli, akaliona likifaulu. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba nidhamu ya kuanza na jaribio inatosha kuwa kinga. Nidhamu hiyo hulikagua jaribio siku linapozaliwa, tena mkononi mwa aliyelizaa. Haina la kusema kuhusu siku ya pili.

Siku ya pili ina hatari zake nyingine. Timu iliyokuwa ikitumia unittest huamua kuhamia pytest, na kwa kuwa pytest huweza kuendesha majaribio yaliyoandikwa kwa mtindo wa unittest, uhamisho unaonekana rahisi: badilisha amri moja, basi. Kumbe testMalipo.py na tests_malipo.py zilikuwa halali chini ya test*.py na si halali chini ya test_*.py. Zote mbili zinaachwa nyuma. Hakuna mstari hata mmoja wa msimbo uliobadilika, hakuna faili iliyofutwa, na matokeo ni ya kijani. Hali ni hiyohiyo kwa timu inayotaka kufanya kazi kwa Kiswahili na kuziita faili zake jaribio_malipo.py. Jambo hilo linaruhusiwa kabisa, kwa kuwa pytest ina mpangilio uitwao python_files unaopokea ruwaza yoyote. Lakini mpangilio huo uko kwenye faili ya usanidi. Atakayekuja kuifuta au kuihamisha faili hiyo katika usafi wa kawaida atakuwa amezima majaribio yote, au yote isipokuwa yale machache ambayo mtu aliyapa majina ya Kiingereza kwa mazoea.

Waliotengeneza vyombo hivi walilitambua tatizo, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 2010 Python 2.7 ilipoiwezesha unittest kutafuta majaribio yenyewe, chombo kisipopata hata jaribio moja kiliandika kwamba kimeendesha majaribio 0, na chini yake kikaweka neno OK. Seva yoyote iliyosoma tokeo hilo iliendelea na safari. Ilibidi kungoja Python 3.12, Oktoba 2023, ndipo unittest ikaanza kumaliza kwa msimbo wa kosa namba 5 pale ambapo hakuna kilichoendeshwa, namba ileile ambayo pytest ilikuwa tayari ikiitumia kwa kusudi hilo. Ni badiliko jema, lakini tulipime kwa lile linaloweza kufanya. Linakamata utupu kamili. Mradi wenye faili 400 za majaribio ukipoteza moja, hesabu haiwi sifuri. Inakuwa 399, na hakuna aliye na kawaida ya kuhesabu. Mwanafunzi ambaye jina lake halimo kwenye daftari la mahudhurio hawezi kuandikwa kwamba hayupo.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi unatoka kwenye mradi ambao kila mtu katika fani hii huutumia lakini wachache wameufungua ndani. Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo kilichoanzishwa na Linus Torvalds Aprili 2005 na kusimamiwa na Junio Hamano tangu Julai mwaka huohuo, kina majaribio yake katika folda iitwayo t. Faili zake huitwa kwa mtindo mmoja: herufi t, tarakimu nne, kistari, jina la amri na maelezo mafupi, kisha .sh. Kuna t0001-init.sh, t3200-branch.sh, t4001-diff-rename.sh, t8002-blame.sh. Maelezo yaliyomo kwenye README ya folda hiyo yanasema tarakimu ya kwanza ni ya ukoo: 0 ni misingi kabisa na mambo ya jumla, 4 ni amri za kulinganisha tofauti, 5 ni za kuvuta na kusafirisha, 9 ni zana za Git. Tarakimu ya pili ni ya amri yenyewe, na ya tatu, kwa atakayependa, ni ya chaguo fulani la amri hiyo. Maelezo hayohayo yana onyo la upande wa pili, ambalo ni nadra kulikuta katika miradi mingine: faili isiyo jaribio isipewe kamwe jina linalofuata ruwaza hii, kwa sababu Makefile itaidhania kuwa jaribio na kujaribu kuiendesha.

Kisha kuna mashine. Kabla ya majaribio yenyewe kuanza, Makefile ya folda hiyo hufanya kaguzi kadhaa, na tatu kati yake zinahusu faili kama faili. Wa kwanza hukata kila jina kwenye kistari cha kwanza, hupanga namba zilizobaki na kutafuta zinazojirudia. Ikiwapo hata moja, kazi inasimama. Wa pili hutafuta faili za majaribio ambazo hazijapewa ruhusa ya kuendeshwa. Wa tatu hupitia faili zote za folda na kukataa majina yenye nukta mbili, kinyota, alama ya kuuliza, mstari wima, mkwaju wa nyuma, alama za kubwa na ndogo kuliko, au herufi zisizo za ASCII. Sababu ya huu wa tatu ni Windows, ambayo hairuhusu alama hizo kwenye majina. Faili moja yenye nukta mbili, iliyoandikwa na mtu wa Linux ambaye kwake nukta mbili ni herufi kama nyingine, inatosha kumzuia mtu wa Windows asiweze kuifungua hazina hiyo ipasavyo kwenye diski yake. Wenye Mac nao wana shida ya jirani na hii, kwa kuwa diski zao kwa kawaida hazitofautishi herufi kubwa na ndogo. Msimbo wa kerneli ya Linux una faili mbili, xt_CONNMARK.h na xt_connmark.h, zinazokaa pamoja katika folda moja. Ukiupakua kwenye Mac ya kawaida moja itaifuta nyingine, na Git itakuambia umebadilisha faili ambayo hujaigusa. Kerneli inaweza kumudu hilo kwa kuwa waandishi wake wanafanya kazi kwenye Linux. Mradi unaokaribisha kila mtu hauwezi.

Ukaguzi wa kwanza, ule wa namba zinazojirudia, unastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu unajibu pingamizi ambalo hutolewa mapema kuliko mengine yote: kwamba wapitiaji wa msimbo wana macho, na jina baya wataliona. Chukua waandishi wawili wasiojuana. Kila mmoja anatafuta namba iliyo wazi karibu na majaribio ya amri yake, na wote wawili wanaichukua namba ileile, mmoja akimalizia jina kwa maelezo yake na mwingine kwa yake. Mpitiaji wa kazi ya kwanza haoni kosa, maana katika kazi aliyonayo namba hiyo ni mpya. Mpitiaji wa kazi ya pili pia haoni. Zinapounganishwa, Git haioni mgongano wowote kwa kuwa majina kamili yanatofautiana. Kosa halikuwemo katika kazi yoyote kati ya hizo mbili. Limezaliwa kwenye muungano, mahali ambapo hapana binadamu anayesoma faili moja moja. Na lina madhara. Git huruhusu kuruka majaribio kwa kutaja namba katika kigezo cha GIT_SKIP_TESTS, kwa hiyo anayekusudia kuliruka moja ataruka mawili. Hapa si suala la bidii ya wapitiaji. Hata mpitiaji hodari kuliko wote hana pa kusimama ili alione kosa hili.

Sasa tazama kilichozipata kanuni ambazo mashine haizisimamii. Ukoo wa tarakimu ya kwanza haukaguliwi na chochote. Namba 0, iliyotengwa kwa misingi kabisa na mambo ya jumla, leo ina t0410-partial-clone.sh, jaribio la kunakili hazina nusu nusu, uwezo uliokuja zaidi ya miaka kumi baada ya Git kuanza na ambao hakuna atakayeuita msingi. Koo nyingine zina wageni wao pia. Watu hawakuasi, nafasi ziliwabana, wakajenga palipo wazi. Lakini ninachotaka mkione ni kwamba hakuna kilichoharibika. Hakuna jaribio lililonyamaza kwa sababu ya kukaa katika ukoo usio wake. Katika mradi mmoja, mikononi mwa watu walewale, kanuni zilizosimamiwa na mashine zimesimama na zile zilizoachiwa busara zimelegea, na zilizolegea ndizo ambazo kulegea kwake hakumdhuru mtu. Sidhani kama kuna aliyeupanga mgawanyo huo hivyo tangu mwanzo. Lakini ndio mgawanyo sahihi, na ningependa miradi mingine iuige kwa makusudi.

Kutoka hapo tunaweza kumjibu anayesema kwamba kanuni za majina ni ubabe wa wasimamizi, zinawafukuza wageni na kuipotezea timu muda kwa mambo ya urembo. Pingamizi hili lina ukweli mwingi kuliko wapenda kanuni wanavyokubali. Kuna miradi ambayo ukaguzi wake hudai jina lisizidi maneno manne, lianze na kitenzi, lisiwe na ufupisho, lifuate mpangilio wa herufi ambao chombo chenyewe hakiujali. Na mtu aliyeleta rekebisho la mistari miwili anarudishwa mara tatu kwa ajili ya hayo. Mimi niko upande wake. Kipimo ninachopendekeza kwa kila kanuni ni swali moja tu: jina likienda kinyume na kanuni hii, ni nini kitakachoendeshwa tofauti, au nani atashindwa kuifungua hazina? Web-platform-tests hukataa njia ya faili inayozidi herufi 150, na kwa mtazamo wa kwanza kanuni hiyo huonekana ya ukali wa bure. Lakini Windows kwa miaka mingi imekuwa na kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima, na majaribio hayo hunakiliwa ndani ya hazina za vivinjari vyenye folda juu ya folda. Kanuni ina jibu, basi ibaki. Isiyo na jibu ifutwe kwenye mashine na iandikwe kwenye mwongozo kama ushauri. Kuhusu wageni, nadhani mlinganyo uko kinyume na unavyosemwa. Mgeni ndiye asiyejua kwamba IT mwishoni mwa jina ina maana, au kwamba _js_ ni jina la mazingira. Mkongwe anajua kwa mazoea. Mashine inayosema papo hapo, "faili malipo_test_mpya.py haitaendeshwa, ibadilishe iwe test_malipo_mpya.py", imempa mgeni kwa sekunde moja ujuzi ambao vinginevyo angeupata kwa aibu mbele ya watu. Lakini iseme hivyo. Ukaguzi unaoandika tu kwamba jina ni batili, bila kutaja jina linalotakiwa, ni kero, na hapo lawama za wageni ni za haki.

Pingamizi lingine ni la kiufundi zaidi, nami naliheshimu kuliko yote: ikiwa jina ni mtego, kwa nini tulipe jina kazi hiyo? Tuyaorodheshe majaribio waziwazi katika faili moja, na lisilokuwemo tujue halimo. Ni njia inayotumiwa na miradi mingi ya C na C++. Kasoro yake ni kwamba inahamisha usahaulifu badala ya kuuondoa: anayeweza kukosea jina anaweza pia kusahau kuongeza mstari kwenye orodha, na matokeo ni kimya kilekile. Git yenyewe imetuachia mfano mzuri hapa. Toleo la 2.48, Januari 2025, liliongeza njia ya kuijenga Git kwa Meson, na Meson hutaka majaribio yaorodheshwe moja moja. Walioiandika hawakuiamini orodha peke yake. Waliweka hatua inayolinganisha orodha hiyo na faili zinazofuata ruwaza ndani ya folda, na kusimamisha kazi ikikuta faili isiyoorodheshwa au jina lililoorodheshwa lisilo na faili. Orodha na jina vinakaguana. Hilo ni bora kuliko kimojawapo kikiwa peke yake, na kwa mradi wenye uwezo wa kulitunza ningelipendekeza bila kusita.

Wapo pia wanaotegemea kipimo cha msimbo uliofikiwa na majaribio: jaribio likinyamaza, asilimia itashuka nasi tutaona. Wakati mwingine itashuka. Lakini kipimo hicho huhesabu mistari iliyopitiwa, na mstari unaokagua kiasi hasi hupitiwa na kila jaribio la malipo, hata lile la kiasi chanya ambalo halina swali lolote kuhusu kiasi hasi. Jaribio la kiasi hasi likizikwa, mstari utaendelea kuhesabiwa kuwa umefikiwa. Kipimo hicho kina kazi yake, na kazi hiyo si hii.

Nimesema mashine ikague. Sijasema ikague kwa namna gani, na hapa ndipo kazi nyingi zenye nia njema huharibika. Kosa la kawaida ni kuandika ukaguzi unaokusanya faili zote zinazoanza na test_ na kuhakikisha majina yake ni mazuri. Ukaguzi huo hauwezi kumkamata aliyekosea, kwa sababu aliyekosea hayumo katika kilichokusanywa. Unawasifu waliokwisha kufuata kanuni. Ukaguzi wenye maana huanzia upande mwingine, kwenye folda nzima, na kudai kila faili iliyomo itolewe hesabu. Ama ni jaribio kwa mujibu wa ruwaza, ama ni faili saidizi inayojulikana kama conftest.py, ama iko katika folda ndogo ya data. Isiyoangukia popote inakataliwa, hata kama iliwekwa kwa nia nzuri. Bora zaidi ni kukiuliza chombo chenyewe. Pytest ina chaguo la --collect-only linaloonyesha kitakachoendeshwa bila kukiendesha. Toa majina hayo kwenye orodha ya faili ambazo Git inazitunza, na mabaki ndiyo ya kuhojiwa. Faida ya njia hii ni kwamba ruwaza haiandikwi mara mbili. Mtu akibadilisha python_files kesho, ukaguzi utaufuata mpangilio mpya wenyewe na kuonyesha mara moja ni faili zipi zilizoachwa nje. Ukaguzi huu uwekwe kwenye seva inayopokea mabadiliko, kwa kuwa ule wa kwenye kompyuta ya mwandishi hurukwa kwa neno moja, --no-verify. Na siku unapowekwa, tupia faili yenye jina baya uone kama unakataa. Ukaguzi nao unaweza kuwa hauendeshwi.

Limebaki pingamizi la wenye miradi mikongwe, ambao watasema kwamba wana faili mia mbili zenye majina ya kila namna na kwamba kuzibadilisha zote ni kuivuruga historia ya msimbo. Hawalazimiki kuzibadilisha zote. Andika majina yaliyopo yasiyofuata kanuni katika orodha ya msamaha, ukaguzi uyapishe hayo tu na kukataa jipya lolote, na uizuie pia orodha hiyo isiongezeke. Kabla ya kuziandika, lakini, ziendeshe moja moja kwa kuzitaja, kwa sababu baadhi zitakuwa hazijaendeshwa kwa miaka na zitafeli. Hizo hazistahili msamaha, zinastahili kushughulikiwa wiki hiyohiyo. Kuhusu historia, Git haihifadhi kumbukumbu kwamba faili ilibadilishwa jina. Inakisia baadaye kwa kulinganisha yaliyomo, na kwa kawaida hutaka yafanane kwa angalau 50%. Ukibadilisha jina na kurekebisha yaliyomo kwa wakati mmoja, unaweza kushuka chini ya kiwango hicho, na git log --follow itakatikia hapo. Ukibadilisha jina peke yake, bila kugusa herufi moja ndani, yaliyomo yanafanana kabisa na historia inafuatika. Basi majina yabadilishwe katika badiliko la peke yake, pamoja na kila mahali penye kulitaja jina la zamani: usanidi wa seva, orodha za majaribio ya kurukwa, na ile orodha ya msamaha yenyewe, ambayo siku hiyo inapungua mstari mmoja.